Makumbusho ya Washington na maana ya neno nadharia

Mwaka 1978 mahakama ya shirikisho mjini Washington ilipokea shauri lisilo la kawaida. Mhubiri Dale Crowley na wenzake waliishitaki Taasisi ya Smithsonian, inayoendesha makumbusho ya taifa ya Marekani, kwa sababu ya maonyesho yake kuhusu mageuko ya viumbe. Walidai kuwa serikali, kwa kugharimia maonyesho hayo, ilikuwa ikiunga mkono imani isiyomtambua Mungu, kinyume cha katiba. Waliomba yazuiwe, ama fedha kiasi hicho hicho zitumike kueleza uumbaji kama unavyosimuliwa katika Kitabu cha Mwanzo.

Jaji alilitupa shauri hilo Desemba mwaka huo, na mwaka 1980 mahakama ya rufaa ikaafikiana naye. Somo la sayansi, waliona majaji, haligeuki kuwa dini kwa kuwa tu linapingana na imani ya baadhi ya watu. Tena hakuna anayelazimishwa kuingia makumbusho, na aingiaye hatakiwi kuiacha imani yake mlangoni.

Hukumu ilimaliza kesi, lakini haikumaliza swali la darasani: ikiwa mageuko ni nadharia tu, mbona yafundishwe kama jambo la hakika? Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, chenye makao yake Washington, kililitolea jibu katika vitabu vya mwaka 1984, 1998 na 2008. Katika sayansi, nadharia si dhana ya kubahatisha. Ni maelezo mapana yaliyopimwa mara nyingi kwa ushahidi, na ambayo yanaweza kukanushwa ukipatikana ushahidi wa kinyume.

Kwa msemaji wa Kiswahili ugumu una sura nyingine. Amezoea kusikia "nadharia na vitendo", kana kwamba nadharia ni maneno yanayongoja kutekelezwa. Hata hivyo, maelezo kwamba vijidudu husababisha magonjwa nayo ni nadharia, na hakuna daktari anayeacha kunawa mikono kwa sababu hiyo.

Mfano wa mageuko nao hauko mbali. Dawa ya klorokwini iliua vimelea dhaifu vya malaria, lakini vichache vilivyoweza kuihimili vikasalia na kuzaana. Kizazi baada ya kizazi vimelea sugu vikaenea, hata Tanzania ikalazimika mwaka 2001 kuacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya ugonjwa huo.

Mabishano yalifika Nairobi pia. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo alipinga mifupa ya mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, kupewa nafasi ya mbele katika makumbusho ya taifa ya Kenya. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2008, mifupa hiyo ilionyeshwa.

Huko Washington, Smithsonian ilifungua ukumbi wa chimbuko la binadamu Machi 17, 2010, chini ya Rick Potts, mtafiti wa miaka mingi wa Olorgesailie, Kenya. Safari hii waumini wa dini mbalimbali walialikwa kushauri namna ya kuzungumza na wageni wenye mashaka. Ushahidi haukupunguzwa, wala muulizaji hakudharauliwa. Mwalimu anayetaka kusikilizwa na mwanafunzi mwenye mashaka anahitaji yote mawili.