Nani Alisimamisha Saa? Mjinga, Bosi na Bahati katika Vichekesho vya Ofisini

Mkutano wa bodi unaendelea. Taarifa ya mwaka inasomwa, na kila takwimu ni tamu: mauzo juu, faida juu. Mwenye kampuni, Waring Hudsucker, anasikiliza kwa utulivu na kuitia ufunguo saa yake ya mfukoni. Kisha anapanda juu ya meza ndefu, anaikimbia ncha hadi ncha, na kutoka na kioo cha dirisha la ghorofa ya 44. Wakati huohuo, kule chini, kijana mshamba kutoka Muncie, Indiana, anaingia jengo hilohilo kuanza kazi ya utarishi.

Hivyo ndivyo The Hudsucker Proxy inavyoanza kukoroga mambo. Ni filamu ya mwaka 1994, iliyoandikwa na ndugu wawili Joel na Ethan Coen pamoja na Sam Raimi. Bosi ameshuka, tarishi atapanda. Wajumbe wa bodi wanataka bei ya hisa ianguke ili wazinunue wao kwa bei ya kutupa, kabla hazijauzwa kwa umma mwaka mpya ukiingia. Kwa hiyo wanahitaji mjinga wa kukalia kiti cha urais wa kampuni. Norville Barnes, anayechezwa na Tim Robbins, anaingia ofisini kwa Sidney Mussburger kupeleka barua ya bluu, anamwonyesha bwana mkubwa karatasi yenye duara moja tu, eti huo ni uvumbuzi wake. Mussburger, yaani Paul Newman mwenyewe, anatabasamu. Mjinga amepatikana.

Ukiitazama leo utasema: hii hadithi naijua. Na kweli unaijua. Filamu yenyewe inajua kwamba unaijua. Kuna tukio ambalo mwandishi wa gazeti, Amy Archer, anamfuata Norville kwenye mkahawa na kujifanya binti mnyonge aliyefulia. Maneno yao hatuyasikii. Madereva teksi wawili waliokaa pembeni ndio wanaotusimulia: sasa ataguna, sasa atalia, sasa jamaa ataingiwa na huruma. Na kila wanalolisema linatokea. Ni kama watoto waliosikia ngano mara mia, wanamtangulia bibi kusema fisi atafanya nini.

Swali langu katika makala hii ni dogo. Hizi kanuni ambazo hata dereva teksi anazijua kwa moyo, zilitoka wapi, na zinatuaminisha nini kuhusu kazi?

Turudi nyuma. Aina hii ya vichekesho Wamarekani wanaiita skruboli. Neno lilitoka kwenye mchezo wa besiboli: ni mpira unaorushwa ukapinda upande usioutarajia. Miaka ya 1930 likatumika pia kwa mtu wa vituko, halafu kwa filamu. Mwaka 1934 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo, kwa sababu mwaka huo Frank Capra alitoa It Happened One Night, binti wa tajiri akimtoroka baba yake na kusafiri kwa basi na mwandishi wa habari asiye na kazi. Filamu ikachukua tuzo zote tano kubwa za Oscar.

Mambo mawili yaliibana skruboli ikawa vile ilivyo. La kwanza ni maadili. Katikati ya mwaka huohuo wa 1934, ofisi ya Joseph Breen ilianza kuzikagua filamu kwa ukali kabla hazijatoka. Mapenzi yasionekane. Basi waandishi wakayahamishia mdomoni: badala ya kukumbatiana, mwanamume na mwanamke wanagombana, tena kwa kasi ya cherehani. Katika His Girl Friday ya 1940, Howard Hawks aliwaacha waigizaji waongee juu ya maneno ya wenzao, mpaka huna muda wa kuvuta pumzi. Amy Archer, kwa jinsi Jennifer Jason Leigh anavyomimina maneno, ni mjukuu halisi wa filamu hiyo.

La pili ni njaa. Soko la hisa lilianguka Oktoba 1929, na kufikia 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Mtu aliyefanya kazi kwa bidii miaka ishirini alijikuta kwenye foleni ya supu pamoja na mvivu. Sisi tunasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mamilioni ya watu walikuwa wamegaagaa na upwa, na wali wakaula mkavu, au wasiule kabisa. Methali ya bidii ilikuwa imevunjika, na mtazamaji aliyelipa senti zake kuingia sinema alilijua hilo kuliko mhubiri yeyote.

Skruboli ya ofisini ilizaliwa hapo. Tazama Easy Living ya 1937, iliyoandikwa na Preston Sturges. Tajiri wa benki anagombana na mkewe na kulirusha koti la manyoya kutoka juu ya nyumba. Linamwangukia msichana wa kazi za ofisini aliyekuwa kwenye basi, na kuanzia hapo mji mzima unaamini ana bwana mwenye fedha. Hoteli inampa chumba cha kifahari, maduka yanamletea zawadi. Hajafanya lolote. Koti tu limeanguka.

Sturges alilirudia wazo hilo kwa uchungu zaidi mwaka 1940, katika Christmas in July. Jimmy ni karani katika kampuni ya kahawa. Ameingia shindano la kutunga msemo wa tangazo la kampuni shindani, zawadi dola 25,000. Wenzake watatu wanamtania kwa kumtungia simu ya maandishi ya uongo: umeshinda! Basi bosi wake anamwita, anamsikiliza, anampa cheo na ofisi yake mwenyewe. Mawazo ya Jimmy ni yaleyale ya jana. Kilichobadilika ni karatasi. Ukweli unapofichuka, bosi anakiri kwamba hakuyaona mawazo hayo kuwa mazuri ila aliposikia kwamba wengine wameyaona mazuri. Mpenzi wa Jimmy anamsihi: mpe nafasi ajaribu, mtu akishindwa baada ya kujaribu si sawa na mtu asiyejaribiwa kabisa. Anapewa, kwa muda mfupi, na mshahara uleule wa zamani.

Hapo ndipo naona ushujaa wa filamu hizi. Zinasema waziwazi jambo ambalo kampuni haipendi kulisema: aliyeko juu hakufika juu kwa akili, na aliyeko chini hakubaki chini kwa ujinga. Cheo ni koti lililoanguka. Simulizi za Abunuwasi zimelisema hilo kwa namna yake kuhusu sultani, lakini Abunuwasi walau hutumia werevu wake. Shujaa wa skruboli hata huo hana. Ana uso mwema na bahati.

Lakini kila ushujaa una mpaka wake, na mpaka wa skruboli ni mwisho wa hadithi. Kama bahati ndiyo iliyompandisha mtu, ni nini kitakachomwokoa mambo yakiharibika? Bahati tena. Jimmy anaokolewa kwa sababu kamati ya shindano, baada ya ubishi mrefu, inauchagua msemo wake kweli. Na pale bahati isipotosha, huja huruma ya mkubwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni The Devil and Miss Jones ya 1941. Wafanyakazi wa duka kubwa wanataka chama. Mwenye duka, mtu tajiri kuliko wote duniani, anajifanya muuza viatu ili awajue wachochezi. Anaonja kazi yenyewe: msimamizi anayemdharau, miguu ya wateja. Polepole anageuka. Ni filamu nzuri, ina utu, na Jean Arthur anaing'arisha kama alivyong'arisha Easy Living. Lakini angalia hesabu inavyofungwa: bosi ameelewa, bosi ametoa, wafanyakazi wanapelekwa safari ya meli, ndoa zinafungwa. Sasa linganisha na yaliyotokea nje ya sinema. Mwishoni mwa 1936 wafanyakazi wa General Motors mjini Flint walikaa ndani ya viwanda siku 44 mpaka kampuni ikakubali kuzungumza na chama chao. Februari 1937, wasichana wauzaji wa duka la Woolworth mjini Detroit walifanya vivyo hivyo kwa wiki nzima, wakilala humohumo dukani. Hakuna bosi aliyevaa aproni akaonja uchungu wao. Walipata walichopata kwa kukaa. Sinema ilichukua hofu na hasira ya miaka hiyo, ikairudishia umma kama zawadi iliyofungwa utepe.

Ninayoijua iliyochepuka kidogo ni The Solid Gold Cadillac ya 1956. Laura Partridge, anayechezwa na Judy Holliday, ana hisa 10 tu katika kampuni kubwa. Anasimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza maswali ya kitoto: mwenyekiti anafanya nini hasa hadi alipwe mshahara ule? Ili kumnyamazisha wanampa ofisi, awajibu barua wenye hisa wadogo. Kosa! Anawajibu kweli. Anawauliza habari za watoto, za maradhi. Mapambano yanapofika kilele, watu hao wanamtumia hati za kumruhusu apige kura kwa niaba yao, magunia kwa magunia, na bodi inang'oka. Ndiyo, kuna gari la dhahabu mwishoni, maana vichekesho ni vichekesho. Lakini silaha iliyoshinda ilikuwa kazi: barua moja baada ya nyingine.

Hati hiyo ya kumpigia mwingine kura ndiyo maana mojawapo ya neno la mwisho katika jina la The Hudsucker Proxy. Maana nyingine ni mtu anayewekwa mahali pa mwingine. Katika filamu ya 1956 neno hilo liliwabeba wanyonge wengi waliomtuma mmoja. Katika ile ya 1994 limebaki mjinga mmoja aliyetumwa na wakubwa.

Na hata hivyo, ndugu Coen wanazifuata kanuni zote kwa uaminifu wa mwanafunzi. Duara la Norville linageuka kuwa Hula Hoop. Wakati wataalamu wa kampuni wamejifungia wakitafuta jina la bidhaa, katibu nje ya mlango anasoma Vita na Amani ya Tolstoy. Tukirudi, ameshaingia Anna Karenina. Bidhaa inafika madukani na hainunuliwi. Bei inashushwa, inashushwa tena, mwisho inagawiwa bure. Mwenye duka anayatupa madude nje. Moja linajiviringisha barabarani peke yake, linakata kona, linamzunguka mtoto mmoja na kuanguka miguuni pake. Anaingia ndani yake, anazungusha kiuno, shule inatoka, na watoto wanalikimbilia duka wakipiga kelele. Lile koti la 1937 limeanguka upya. Katika historia ya kweli, kampuni ya Wham-O ya California iliuza Hula Hoop kwa mamilioni mwaka 1958, mwaka uleule wa hadithi hii.

Halafu mwisho. Mkesha wa mwaka mpya Norville ameteleza kutoka juu ya jengo na anaanguka. Moses, mzee Mweusi anayetunza saa kubwa ya jengo, ambaye pia ndiye msimulizi wetu tangu mwanzo, anaingiza mpini wa ufagio kwenye meno ya mashine. Saa inasimama. Norville anasimama hewani. Marehemu Hudsucker anashuka kama malaika na kumkumbusha barua ya bluu, ambayo hakuwahi kuifikisha. Ndani yake hisa zote zimeachwa kwa rais mpya wa kampuni.

Mungu hamtupi mja wake, utasema. Lakini hebu tazama vizuri ni nani hasa aliyefanya kazi. Mapema kidogo Mussburger naye alining'inia dirishani, ameshikwa suruali tu, na suruali haikuchanika kwa sababu fundi cherehani alimshonea mshono wa mara mbili ingawa yeye aliukataa kwa ubahili. Bosi kaokolewa na fundi. Rais kaokolewa na mtunza saa. Kijana wa lifti naye alikuwa na wazo lake la mrija unaopinda, na Norville, akishalewa ukubwa, alimfukuza kazi kwa kuja nalo.

Katika majumba ya sinema ya Marekani filamu hiyo haikufikisha hata dola milioni 3, na wengi waliiona baridi, mashine ya kuchezea isiyo na moyo. Mimi naona moyo upo, ila umewekwa kwenye chumba cha saa. Filamu za kale zilituonyesha bahati zikaificha mikono. Hii imetuonyesha mikono: ya fundi, ya mzee mwenye ufagio. Haikuthubutu kwenda mbali zaidi. Norville anarudi kwenye kiti chake na anaanza mwaka mpya na duara jingine, Frisbee. Moses anabaki juu na saa yake, anatusimulia mambo yalivyoisha vizuri.

Ukiitazama tena, usimfuate Norville peke yake. Hesabu ni mara ngapi mtu asiyekuwa na cheo ndiye anayezuia jengo lisianguke, kisha hesabu ni wangapi kati yao wanaalikwa kwenye chumba chenye ile meza ndefu.