Mtoto na Mlango wa Habari

Kila zama ina mlango wake wa habari, na kila mlango umepata kuwatia wazazi wasiwasi. Mgeni aingiaye kwa miguu huonekana. Hupiga hodi, huulizwa jina na atokako, kisha hukaribishwa au hurudishwa. Neno ni mgeni asiye na mwili. Huingia kwa sikio au kwa jicho, nalo likiisha kuingia haliwezi kushikwa mkono na kutolewa nje. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliliona jambo hilo. Katika kitabu chake juu ya dola njema alitaka watungaji wa hadithi wasimamiwe, na mama na walezi wawasimulie watoto zile tu zilizokubaliwa. Bibi zetu wa bara na wa pwani hawakumsoma Plato, lakini walikuwa na desturi iliyokaribiana na shauri lake. Ngano za jioni zilisimuliwa na mtu aliyejulikana, mahali palipojulikana. Mtoto aliyeingiwa na hofu ya zimwi aliweza kumsogelea bibi, akamshika nguo na kumwuliza kama zimwi lipo kweli. Msimulizi alikuwa pia mlinzi.

Mashine zilipokuja, msimulizi na mlinzi walitengana. Watu wa karne ya 20 walijaribu kuwakutanisha tena kwa njia ya sheria. Huko Uingereza, bunge lilipitisha mwaka 1955 sheria ya kuzuia vitabu vya picha vyenye ukatili vilivyodhaniwa kuwadhuru watoto. Nchini Kenya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani iliandikwa mwaka 1962, na kwa sheria hiyo filamu haikuruhusiwa kuonyeshwa hadharani kabla ya kukaguliwa na kupewa kibali. Mwaka huo huo wa 1962 televisheni ilianza nchini. Serikali ilipolitwaa shirika la utangazaji mwaka 1964, likaitwa Sauti ya Kenya, na kwa miaka mingi halikuwa na mshindani katika televisheni mpaka mwaka 1990. Mzazi wa siku hizo, hata akiwa na malalamiko yake juu ya vipindi, alijua mambo mawili: alijua nani anasema na mwanawe, na alijua kwamba chombo chenyewe kimekaa sebuleni mbele ya macho ya wote. Tena chombo kile kilisema tu. Hakikuwa na sikio. Hakikuweza kumwuliza mtoto jina lake, wala shule yake, wala saa ambazo wazazi wake hawapo nyumbani.

Intaneti ilizaliwa mahali ambapo mtoto hakufikiriwa. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, Marekani, ilituma ujumbe wa kwanza kwa kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Waliotumia mtandao huo wa mwanzo walikuwa wataalamu, watu wazima, na aghalabu walijuana. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuziunganisha kurasa za habari zilizomo katika kompyuta mbalimbali. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliutoa ufundi huo kwa walimwengu wote bila malipo. Ukarimu huo uliufungulia ulimwengu maktaba kubwa mno. Lakini nyumba iliyojengwa na watu waaminifu kwa ajili ya watu waaminifu haikuwekewa bawabu. Hakuna aliyeulizwa umri wake mlangoni, na aliyeulizwa aliweza kujibu apendavyo.

Katika Kenya huduma hiyo ilianza kuuzwa kwa umma katikati ya miaka ya 1990. Ilikuwa ghali na ya polepole, na kwa wengi ilipatikana katika saiba za mijini, kwa malipo ya dakika. Mwaka 2009 waya za baharini zilifika Mombasa, mmoja wao ukitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mwendo wa habari ukaongezeka kwa ghafula. Simu za mkononi zikaupeleka mtandao hata vijijini. Mwaka 2016 serikali ilianza kuwapelekea watoto wa darasa la kwanza vishikwambi vya kujifunzia. Kisha mwezi wa Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021. Katika miezi hiyo, nyumba nyingi ambazo hazikuwahi kumpa mtoto simu zilimpa ili afuate masomo. Somo lilipokwisha, simu haikurudi mikononi mwa mwenyewe kwa wepesi uleule.

Hapo ndipo hatari ilipobadilika sura. Katika mlango huu mpya mtoto hasikilizi tu, bali husikilizwa pia. Mwovu anayewinda watoto hana haja ya kusimama penye lango la shule. Huingia katika mchezo wa simu wanaouchezea watoto, akajiita mtoto mwenzao, akamsifu mmoja wao na kumpa zawadi ya mchezo. Baadaye humwomba wahamie mahali pa faragha. Humwambia kwamba urafiki wao ni siri. Mwisho humwomba picha. Akiisha kuipata, sifa hugeuka kuwa vitisho. Mtoto huambiwa kwamba asipotuma nyingine, ile ya kwanza itapelekwa kwa wazazi na walimu wake. Silaha ya mwovu huyo ni aibu ya mtoto, nayo hupata makali zaidi katika nyumba ambamo mtoto anaogopa kusema.

Mataifa hayakukaa kimya. Mwaka 1996 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia machafu yasiwafikie watoto mtandaoni, lakini mwaka uliofuata mahakama kuu ya nchi hiyo ilibatilisha sehemu zake kubwa, ikisema zilizuia hata maneno halali ya watu wazima. Mwaka 1998 ikatungwa nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 2000. Hiyo ilikataza makampuni kukusanya habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila ya idhini ya mzazi. Makampuni mengi, ili kuepuka mzigo wa kuomba idhini, yaliandika katika kanuni zao kwamba aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi kujiandikisha. Hivyo ndivyo umri wa miaka 13 ulivyoenea duniani, hata wazazi wa nchi nyingine wakadhani kwamba ni kipimo cha busara ya mtoto. Hasha! Kipimo hicho kilihusu biashara ya habari, wala hakikusema kwamba siku mtoto anapotimiza miaka 13 hupata macho ya kumtambua mwongo. Isitoshe, watoto walijifunza upesi kuandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa, na wazazi wengine wakawasaidia kuuandika.

Kenya nayo iliweka sheria zake. Iliridhia mwaka 1990 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 iliyafanya kuwa makosa ya jinai kutengeneza au kueneza picha chafu za watoto na kumsumbua mtu mtandaoni. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 ilitaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilitaja waziwazi dhuluma zinazotendwa kwa njia ya mitandao. Nchi nyingine zilikwenda mbali zaidi: Australia ilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, na ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025.

Msomaji akizipanga tarehe hizo ataona jambo moja. Sheria hufuata nyuma ya madhara. Mtandao ulifunguliwa kwa wote mwaka 1993. Sheria ya Kenya iliyotaja dhuluma hizo kwa jina ikaja mwaka 2022, karibu miaka 30 baadaye. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa kipindi hicho alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Sheria ni ua la lazima, lakini halikui kwa haraka kama mtoto. Katika pengo hilo hapana mlinzi ila mzazi.

Lakini mzazi alinde kwa njia gani? Wako wasemao: mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo ina hekima yake, kwani kidonda cha wembe huonekana, huosha na kufungwa, na mtoto hukumbuka. Kidonda cha mtandao hakitoi damu. Mtoto huweza kukibeba mwaka mzima huku akila na kucheza kama kawaida. Wako pia wasemao kwamba dawa ni kumnyang'anya simu kabisa. Lakini mtoto wa leo hufundishwa kwa mtandao, na akinyimwa nyumbani huazima ya mwenzake, mahali ambapo hapana jicho la mkubwa. Zaidi ya hayo, mtoto anayejua kwamba akisema atapigwa na kunyang'anywa simu hatasema. Adhabu hiyo humfaa mwovu, maana huitunza siri yake.

Mwaka 2021 mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF yalitoa taarifa juu ya Kenya, katika uchunguzi uliofanywa katika nchi 13. Funzo mojawapo lililotokana na kazi hiyo ni kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamjua tayari. Kwa hiyo onyo la kumwogopa mgeni halitoshi. Mtoto afundishwe kulitambua tendo, hata litendwe na nani: yeyote anayemtaka aweke siri asiyopaswa mama kuijua, au anayemwomba picha ya mwili wake, anafanya ubaya.

Hatua zenyewe si ngumu. Simu ya mtoto itumike penye watu, si chumbani usiku. Nywila zijulikane na mzazi. Michezo na programu ziangaliwe kabla ya kuwekwa, na vizuizi vya umri viwashwe. Picha ya mtoto akiwa na sare yenye nembo ya shule isitangazwe hovyo, maana humwonyesha asiyejulikana mahali pa kumpata. Jambo baya likitokea, ujumbe usifutwe, kwa kuwa ni ushahidi, mtoto asilaumiwe, na taarifa ipelekwe kwa polisi, au simu ipigwe bila malipo kwa nambari 116, ya kuwasaidia watoto.

Nawe kijana unayesoma habari hii, una sehemu yako. Wazazi wengi walikua kabla mlango huu haujafunguliwa, na hawajui komeo lake liko wapi. Wewe wajua. Mdogo wako wa shule ya msingi huona haya kumwambia baba, lakini huenda akakuambia wewe. Mkono mmoja haulei mwana. Keti na mama umwonyeshe namna ya kufunga yanayofaa kufungwa, na mdogo wako akikujia na neno zito, usimcheke wala usimtishe. Msikilize, kisha umpeleke kwa mkubwa anayeaminika. Bibi alimlinda mtoto na zimwi kwa kuwa karibu naye na kuwa tayari kuulizwa. Mashine zimebadilika mara nyingi tangu wakati ule, bali hitaji hilo la mtoto halijabadilika.