Wakimbizi wa Ukraine nchini Ujerumani: baada ya kupokelewa

Urusi iliposhambulia Ukraine nzima tarehe 24 Februari 2022, mamilioni ya watu walivuka mipaka. Wengi wao walikuwa akina mama na watoto, kwa sababu wanaume wa miaka 18 hadi 60 walikatazwa kutoka. Ujerumani peke yake imepokea zaidi ya milioni moja.

Upande wa karatasi, mambo yalikwenda upesi. Tarehe 4 Machi 2022 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria ya ulinzi wa muda, iliyoandikwa mwaka 2001 na ambayo haikuwa imetumiwa hata mara moja. Mukraine hangoji ombi lake lichunguzwe. Anapewa ruhusa ya kukaa na kufanya kazi. Ndugu zetu Wakongo wanaoomba hifadhi huko wanajua kungoja ni nini. Lakini ulinzi huo umesogezwa mbele kidogo kidogo, sasa hadi tarehe 4 Machi 2027, na mama asiyejua kama atakuwapo mwaka unaofuata hajui ajifunze Kijerumani au afunge mizigo.

Lugha ndiyo mlima. Kozi ya serikali kwa kawaida ina vipindi 600 vya lugha, na 100 vya sheria, historia na maisha ya nchi. Mwenye mtoto mdogo hawezi kuhudhuria asipopata nafasi katika shule ya chekechea, na nafasi hizo ni haba hata kwa wenyeji.

Tena kuna diploma. Ujerumani hutaka mwalimu wa sekondari awe amesomea masomo mawili ya kufundisha, huku walimu wengi wa Ukraine wamesomea moja tu. Basi diploma inakaa katika mfuko, naye mwalimu anasafisha vyumba vya hoteli. Watoto nao wamechoka: asubuhi shule ya Kijerumani, jioni masomo ya Ukraine kwa intaneti.

Mwanzoni familia nyingi ziliwapa vyumba nyumbani mwao. Sisi tuliopokea jamaa kutoka Rutshuru na Masisi tunajua jinsi jiko moja linavyokuwa dogo baada ya miezi. Kule nyumba za kupanga ni chache na ghali. Mjini Berlin, uwanja wa ndege wa zamani wa Tegel uligeuzwa kituo cha mapokezi, na watu waliotazamiwa kulala humo siku chache wakakaa miezi mingi. Makanisa kadhaa yamefungua kumbi zao kwa chai na mazungumzo ya Kijerumani, jioni, baada ya kazi.