Nyimbo zilizopotezewa majina kati ya Pugu Road na Kariakoo

Julai 2026 ni miaka 75 tangu Sauti ya Dar es Salaam ianze kusikika, mwaka 1951. Majina iliyopitia yanajulikana: Shirika la Utangazaji Tanganyika, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na leo TBC. Linalosahaulika ni maktaba yake ya mikanda ya magurudumu, na jinsi nyimbo zake zilivyofika kwenye simu zetu.

Studio ya RTD, Pugu Road, ilirekodi bendi zetu kubwa za dansi: NUTA Jazz, Western Jazz, Mlimani Park. Bendi ilipiga pamoja, na mpuliza tarumbeta akikosea, wimbo unaanza upya. Kisha boksi la mkanda liliandikwa jina la bendi na la wimbo.

Mzee mmoja aliyekuwa akirekodia watu kaseti Kariakoo ameniambia kuwa mteja alikuja na kaseti tupu na orodha yake. Nyimbo zenyewe mzee alizinasa redioni. Hakumlipa mwanamuziki hata senti, na halifichi hilo. Lakini kila wimbo aliuandika kwa kalamu ya bluu, na bendi yake pembeni.

Zikaja kompyuta, vijana wakachoma CD, kisha wakajaza memori kadi. Wimbo wa dakika saba, pamoja na chemko, ile sehemu yake ya kasi, uliokula MB 70 hivi kwenye CD, ulibanwa kwa MP3 ukabaki MB 7. Kebo ya SEACOM ilipowashwa mwaka 2009, mafaili hayo yalipanda kwenye tovuti kwa wingi, mengi yakiitwa "Track 07" au "Zilipendwa" tu.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mkanda ni wa redio, utunzi ni wa mwanamuziki, na faili limewekwa na mtu asiyemjua yeyote kati yao. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoleta asasi ya hakimiliki, COSOTA, ilikuta watunzi wengi wameshazikwa. Mwaka 2012 Rebecca Corey na Benson Rukantabula, kupitia Tanzania Heritage Project, walichangisha fedha mtandaoni ili mikanda ile ihamishiwe kwenye kompyuta. John Kitime, mpiga gitaa aliyepitia Tancut Almasi na Njenje, amekuwa akiandika mtandaoni habari za wanamuziki wetu na bendi zao. Kazi hiyo haikupaswa kuachiwa watu wachache wenye moyo.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu dawa ni ndogo. Ndani ya faili la MP3 mna nafasi ya kuandika wimbo, msanii na mwaka, na maandishi hayo husafiri na faili popote linaponakiliwa. Kuyajaza hakumalizi dakika mbili. Anayepandisha wimbo bila kuyajaza anamnyang'anya mtunzi kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Kaseti za yule mzee bado zimo kabatini kwake. Utepe wa baadhi umeshakatika, ila mwandiko wa bluu unasomeka wote.