Wanubi na Waismaili wa Uganda

Katika historia ya Waislamu wa Uganda ziko jamii mbili zilizoingia nchini katika muda wa muongo mmoja. Zote mbili zilikuwa za wageni, zote zilisali kuelekea kibula kimoja, na hakuna hata moja iliyokuwa na shamba la kurithi. Ya kwanza ni Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani pamoja na Selim Bey. Ya pili ni Waismaili, wajukuu wa Makhoja waliotoka Kutch, Kathiawar na Gujarati katika Bara Hindi. Baada ya miaka sitini hivi, kufikia mwaka 1962 Uganda ilipopata uhuru, hali za jamii hizo zilikuwa mbali mno. Mmoja alikuwa na duka la ghorofa katika barabara kuu ya Kampala, na mwingine alikaa Bombo katika nyumba ya udongo akingojea pensheni ya baba yake aliyekuwa sajini. Watu wengi wamezoea kueleza tofauti hiyo kwa maneno ya damu: kwamba Mhindi amezaliwa na mizani mkononi, na Mnubi amezaliwa na bunduki. Maneno hayo ni mepesi kusema, lakini mambo yaliyotukia hayayathibitishi.

Yafaa ikumbukwe kwamba Uislamu haukuletwa Uganda na jamii hizi. Ulikwisha kufika katika zama za Kabaka Suna, kwa mikono ya wafanya biashara waliotoka Zanzibar. Wanubi walikuja kwa njia nyingine kabisa. Mahdi alipouteka mji wa Khartoum mwezi wa Januari 1885, askari wa serikali ya Misri waliokuwa katika jimbo la Ekwatoria, chini ya Emin Pasha, walikatwa njia ya kurudi kwao. Mwaka 1889 Stanley alimchukua Emin kwenda pwani, lakini sehemu kubwa ya askari ilibaki nyuma pamoja na Selim Bey, huko Kavalli upande wa magharibi wa Ziwa Albert. Huko ndiko Kapteni Lugard alikowakuta mwezi wa Septemba 1891. Askari wenyewe walikuwa kama 600 hivi, lakini pamoja na wake zao, watoto, watumishi na wafuasi, watu wote walipita 8,000.

Selim Bey hakukubali papo hapo. Alisema kwamba yeye ni mtumishi wa Khedive wa Misri, na hawezi kuingia utumishi wa mtu mwingine pasipo ruhusa ya bwana wake. Ikabidi Lugard aahidi kuiomba ruhusa hiyo Misri. Neno hilo linastahili kuangaliwa, maana lamwonyesha mtu aliyekatika na serikali yake kwa miaka mingi, nguo zimemchakaa, na bado anaiheshimu ahadi yake. Watu wa namna hii walikuwa hazina kwa serikali changa. Lugard aliwapanga wengi wao katika ngome za mpaka wa Toro na Bunyoro, na wengine akawaleta Kampala. Mwaka 1893 Selim Bey alituhumiwa uasi, akaondolewa Uganda akiwa mgonjwa, na akafia njiani huko Naivasha.

Mwaka 1897 yakatokea makubwa zaidi. Makampuni matatu ya askari hao, waliokwisha kuchoshwa na safari zisizokoma, waliamriwa tena kwenda mbali na wasijulishwe waendako, huku wake zao wakiachwa nyuma na mshahara wao ukiwa ni mdogo tena wa kuchelewa. Wakaasi. Wakarudi mpaka ngome ya Luba katika Busoga, na huko wakawaua maafisa watatu Waingereza, akiwamo Meja Thruston aliyekuwa akiwapenda na kuijua lugha yao. Serikali ikaleta askari kutoka India kuuzima uasi huo. Hivyo Mnubi na Mhindi walikutana katika nchi hii kwa risasi kabla ya kukutana kwa biashara, ijapokuwa Mhindi huyo wa bunduki hakuwa yule wa dukani.

Na hapa yafaa kusahihisha kosa moja linalorudiwa mara nyingi. Husemwa kwamba Wahindi wa Afrika ya Mashariki ni watoto wa makuli waliojenga reli. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1896 na 1901, reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa mpaka Kisumu, waliajiriwa kutoka India watu wapatao 32,000. Lakini walio wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliobaki ni kiasi cha 6,700. Waismaili wengi hawakuja kwa mkataba wa reli. Walijilipia nauli wenyewe, wakapokewa Zanzibar, Bagamoyo au Mombasa na jamaa waliowatangulia.

Mfano ulio mashuhuri ni Alidina Visram. Alivuka bahari kutoka Kutch akiwa bado mtoto, akafanya kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji, Mwismaili mwenzake aliyekuwa akiyapatia vifaa misafara iendayo bara. Akajifunza kazi, akafungua duka lake, kisha akalifuata soko hatua kwa hatua hadi Kampala, ambako alifika kabla ya karne ya kumi na tisa kwisha. Alipokufa mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yametapakaa pwani na bara. Jambo kubwa katika habari zake si mali. Jambo kubwa ni ile njia: kijana hupokewa na mtu wa jamaa yake, hupewa kazi ya karani, hujifunza daftari, kisha hupewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka mahali ambapo bado hapana duka. Kila duka la Visram lilikuwa chuo. Aliyehitimu chuo hicho alimpokea mwingine.

Tazama basi mwanzo wa jamii hizi mbili. Katika mapatano ya mwaka 1900 ardhi ya Buganda iligawanywa kwa maili, ikapewa Kabaka, machifu na watu wakubwa wa nchi. Mnubi hakupata, wala Mhindi hakupata. Mhindi alifungiwa katika miji na vituo vya biashara. Mnubi akafungiwa katika kambi na vitongoji vya askari, ambavyo kimojawapo kilicho mashuhuri ni Bombo, kaskazini ya Kampala. Wote wawili waliitumikia serikali ile ile. Lakini kazi ya duka na kazi ya bunduki hazifanani katika jambo moja: duka hurithiwa. Mtoto wa mwenye duka akifikia miaka kumi na miwili ajua bei ya marekani, ajua nani hulipa deni na nani hakimbiliki. Mtoto wa askari hurithi medali na nidhamu, na nidhamu ni kitu chema, lakini benki haiikopeshi.

Wanubi walitumika kweli kweli. Kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa mwaka 1902, wao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa batalioni ya Uganda. Walipigana katika vita vya kwanza dhidi ya Wajerumani, na katika vita vya pili walikwenda Uhabeshi na Burma. Lakini kadiri miaka ilivyopita, serikali iliandikisha zaidi Waacholi, Walango na watu wengine wa kaskazini, na jamii iliyotegemea kazi moja ikaona mlango wa kazi hiyo ukipungua upana. Waliotoka jeshini waligeuka kuwa wachinjaji, madereva, mafundi cherehani na wachuuzi. Wanawake wa Kinubi walisuka mikeka na vikapu vya rangi ambavyo sifa yake haijapotea mpaka leo, na nyumba nyingi zilisimama kwa mikono yao. Ni aibu kwamba waandishi wa vita humtaja kila sajini na hawamtaji mke wake.

Ama kuhusu elimu, tofauti ilikuwa kali zaidi. Shule za Uganda zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu, awe Mganda au Mnubi, alihofu kumpeleka mtoto mahali atakapobadilishwa dini na jina. Kwa hiyo watoto wengi wa Kinubi waliishia chuo cha Kurani, kisha jeshini. Waismaili hawakuingia katika mtego huo kwa sababu walijenga shule zao wenyewe. Imamu wao, Aga Khan wa Tatu, aliwahimiza kwa miaka mingi wasomeshe watoto, na alisisitiza wasichana wasiachwe. Michango ya jamaa haikuliwa ikaisha. Kampuni ya bima ya Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937, na baada ya Imamu kupimwa kwa almasi mwaka 1946 ikaundwa Diamond Jubilee Investment Trust, ili mwanajamaa asiye na dhamana apate mkopo wa nyumba au biashara. Mwismaili maskini, na maskini walikuwako wengi, makarani na wenye viduka vya vijijini waliolala juu ya magunia, alikuwa na mahali pa kwenda. Mnubi maskini alikwenda kwa ndugu yake, naye alikuwa maskini vile vile.

Yafaa kusema kwa haki kwamba mali hiyo haikuwafaa Waismaili peke yao. Mwaka 1945 Aga Khan alianzisha Mombasa jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyosaidia kujenga misikiti na shule za Waislamu Waafrika bila kujali madhehebu. Uganda ilipata fungu lake, na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu alikuwa kiongozi wa kazi hiyo. Hata hivyo jamii hizo hazikukaa pamoja. Walijuana dukani na hawakuoana. Mnubi aliingia kwa mlango wa wanunuzi, akatoka kwa mlango huo huo.

Na Wanubi walikuwa na kitu ambacho Waismaili hawakuwa nacho. Jamii yao ilikuwa wazi. Mtu wa Kakwa, Lugbara, Alur au kabila jingine, akisilimu, akajua Kinubi, akaishi kwa desturi zao, wanawe walihesabiwa kuwa Wanubi. Kwa njia hiyo jamii ilikua na kuota mizizi katika nchi, wakati ile nyingine ilibaki na milango iliyofungwa, ikitajirika na kuonewa wivu.

Wivu huo ulipata msemaji. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin, Mkakwa aliyekulia katika KAR, alitwaa serikali. Mwezi wa Agosti 1972 alitangaza kwamba Wahindi waondoke katika siku 90. Waismaili wengi walikuwa wamefuata ushauri wa Imamu wao, Aga Khan wa Nne, wakachukua uraia wa Uganda. Lakini hati za wengi wao zilikataliwa mezani kwa visingizio vidogo, wakabaki watu wasio na nchi. Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa wakati huo alikuwa Sadruddin Aga Khan, ami yake Imamu, na Kanada ikapokea maelfu. Waliteremka Montreal katika baridi, na mikononi hawana kitu. Kichwani walikuwa na hesabu, Kiingereza na ufundi, na nyuma yao palikuwa na jamaa iliyojua kupokea wageni wake tangu Bagamoyo.

Maduka waliyoyaacha yaligawanywa kwa askari na watu waliopendelewa, wa makabila mbalimbali, na Wanubi wakiwamo. Watu wakawaita mafuta mingi. Haifai kulificha jambo hili kwa kuwa linauma: waliotolewa walikuwamo Waislamu, na waliopokea funguo walikuwamo Waislamu, na mali ya mtu haigeuki kuwa halali kwa sababu ya amri ya redio. Wala haikuwafaidi waliopewa. Rafu zilikwisha katika miezi michache, maana aliyepewa duka hakupewa yule mtu wa Mombasa aliyekuwa akituma bidhaa kwa barua tu. Wanubi wengi, ni lazima isemwe, hawakupata duka wala kiatu. Walipata jina baya tu.

Jina hilo lililipwa mwezi wa Aprili 1979, Kampala ilipoanguka. Wanubi waliuawa kwa kuwa Wanubi, na waliosalia wakakimbilia Sudani, Zaire na Kenya. Bombo ikaachwa tupu. Hakukuwa na ndege ya Montreal. Walikwenda kwa miguu, hawana vyeti vya shule, na katika nchi waliyoikimbilia, ambayo babu zao walitoka, walipokewa kama Waganda. Wengi hawakurudi mpaka baada ya mwaka 1986, na waliporudi walikuta viwanja vyao vina wenyewe wengine.

Waismaili nao walianza kurudi, hasa katika miaka ya 1990 serikali iliporudisha mali zilizotwaliwa. Mashirika ya Aga Khan yalishika hoteli, benki, shule, na bwawa la umeme la Bujagali katika Nile, lililoanza kazi mwaka 2012 na lenye nguvu ya megawati 250. Wanubi wa Kenya walipata mwaka 2017 hati ya eka 288 za Kibera, mahali ambapo serikali ya kikoloni ilitenga eka zaidi ya 4,000 kwa ajili ya babu zao. Wanubi wa Uganda hawakupata ardhi namna hiyo. Walipata kitu kingine.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ina orodha ya makabila ya asili, yaliyokuwamo ndani ya mipaka ya nchi ilipofika tarehe 1 Februari 1926, na mtoto wa kabila lililomo huzaliwa raia bila kuuliza mtu. Siku hiyo ya mwaka 1926 Wanubi walikuwa wanakaa Bombo, na Waismaili walikuwa wanafungua maduka yao asubuhi katika Kampala na Jinja. Katika orodha, Wanubi wameandikwa. Waismaili, na Wahindi wote, hawamo.