Ekrani mbili nyumbani kwa kazi ya mbali

Unaunganisha ekrani ya pili kwa laptop, unaingia kwenye mashine ya ofisi kupitia intaneti, lakini kazi inaonekana kwa ekrani moja tu. Waya wa HDMI hauna kosa.

Bonyeza kwanza Windows na P, chagua «Étendre». Halafu fungua «Connexion Bureau à distance», na mbele ya kuunganisha, ingia «Afficher les options», kisha «Affichage», weka alama kwa «Utiliser tous mes moniteurs pour la session à distance». Ukisahau, itabidi utoke na uingie tena. Mashine ya ofisi yenyewe inaweza kuwa na ekrani moja, haina shida.

Ila ekrani ya pili inakula megabaiti, na sisi tunazilipa. Ondoa picha ya nyuma kwa «Expérience».

Na umeme ukikatika? Ekrani ya nje inazimika, laptop inaendelea na betri. Intaneti nayo ikikatika, usiogope: mara nyingi kazi inabaki wazi kule ofisini, kama mashine ya kule haikuzimika, na unaikuta ukiingia tena. Lakini ukifunga sesheni yenyewe, programu zote zinafungwa.