Kumficha Lucy Nyuma ya Kiti

Jumatatu tarehe 19 Januari 1953, Wamarekani wapatao milioni 44 waliketi mbele ya televisheni kusubiri mtoto wa mwanamke asiyekuwepo duniani. Kesho yake Dwight Eisenhower aliapishwa kuwa rais, na waliotazama sherehe hiyo walikuwa kama milioni 29. Yaani jenerali aliyeongoza vita vya Ulaya alipitwa na mama mjamzito wa kubuni, tena kwa mbali.

Mama huyo ni Lucy Ricardo wa kipindi cha I Love Lucy, kilichoanza kwenye kituo cha CBS Oktoba 1951. Aliyemwigiza, Lucille Ball, alikuwa na mimba ya kweli, na Ricky, mume wa Lucy kwenye kipindi, aliigizwa na mume wake wa nyumbani, Desi Arnaz, mwanamuziki kutoka Kuba. Siku hiyohiyo ya Jumatatu Ball alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji uliokuwa umepangwa. Kipindi chenyewe kilikuwa kimerekodiwa wiki kadhaa kabla.

Nusura lisitokee lolote kati ya hayo. Ball aliposema mwaka 1952 kwamba ana mimba, wakubwa wa kituo na watu wa matangazo wa mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, waliingiwa na baridi. Pendekezo lao: kama ni lazima aonekane, basi asimame nyuma ya viti na makochi, tumbo lisionekane. Kwa masimulizi ya Arnaz, yeye alimwandikia barua mwenyekiti wa Philip Morris moja kwa moja, akamkumbusha ni kipindi gani kinachoongoza nchi nzima kwa watazamaji. Mzee yule akawaagiza watu wake wasimguse yule Mkuba, kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa. Mambo yakanyooka.

Ruhusa yenyewe ilikuja na masharti. Padri, rabi na mchungaji walipewa miswada waikague, na wote watatu hawakuona la kupinga. Neno la Kiingereza la kuwa na mimba halikutajwa. Lucy "anatarajia", basi. Kipindi cha Desemba 1952 ambacho anahangaika kumpasha mumewe habari kilipewa jina lenye neno la Kifaransa, enceinte, kana kwamba mimba ya Kifaransa haina tumbo. Ila tusiwacheke sana. Sisi nasi twasema mjamzito, mja aliye mzito, neno la adabu linalopita kando ya jambo lenyewe. Vijana wa Nairobi husema ana ball, na watu wazima wakajifanya hawajasikia.

Lakini angalia kilichowachekesha wale milioni 44. Uchungu hauonekani, wala kuzaa hakuonekani. Tunachoona ni Ricky na majirani wao, Fred na Ethel, wakifanya mazoezi ya safari ya hospitali: wewe simu, wewe sanduku, wewe koti. Wanafanya kwa utulivu kabisa. Lucy anaposema wakati umefika, wanagongana, sanduku linamwagika, wanatoka mbio, na mwenye mimba wamemwacha ndani ya nyumba! Baadaye Ricky anafika hospitali akiwa na vipodozi vya kutisha vya onyesho lake la usiku, na wauguzi wanataharuki. Mwili ni wa mwanamke, lakini kichekesho ni cha wanaomzunguka. Kina baba waliokuwa wakitazama walijiona. Huenda haya ndiyo waliyoshindwa kuyakadiria wale wa matangazo: walidhani mada ya kike itafukuza nusu ya nyumba, wakasahau kwamba kila mimba ina watu waliosimama kando wasijue washike nini.

Nadhani pia ilisaidia kwamba kati ya waandishi watatu wa msimu ule, mmoja, Madelyn Pugh, alikuwa mwanamke. Mmoja si wengi. Lakini mezani alikuwepo.

Hofu haikuisha na Lucy. Mwaka 1967 Joan Rivers alikuwa mjamzito na mwenye vichekesho tele kuhusu hali yake, lakini kwenye kipindi cha Ed Sullivan, kama alivyosimulia mwenyewe, hakuruhusiwa kulitamka lile neno. Miaka 14 baada ya milioni 44! Kisha Januari 1972 ikaja zamu ya kukoma hedhi. Katika kipindi cha All in the Family, Edith, mke mpole kupita kiasi, anaanza kuwaka hasira na kulia bila sababu. Mumewe Archie, mbishi asiyebembeleza mtu, anachoka na kumwamuru amalize hayo mabadiliko ya maisha mara moja: anampa sekunde 30. Wanaume walicheka kwa kumcheka Archie, wanawake walicheka kwa kumjua. Kipindi hicho kilimpatia mwandishi wake, Burt Styler, tuzo ya Emmy.

Mwaka 2001, huko Orlando, Florida, mwanamke aitwaye Jeanie Linders alifungua mchezo wa muziki kuhusu jambo hilohilo, Menopause The Musical, kwenye ukumbi wa viti 76. Wanawake wanne wanakutana dukani kwenye sidiria za bei ya punguzo na kuanza kuimba juu ya joto la ghafla, kusahausahau na jasho la usiku. Viti 76! Mwaka uliofuata mchezo ukafika New York, kisha ukazunguka nchi baada ya nchi. Hata Ali Wong, aliyepanda jukwaani na mimba ya miezi saba na kurekodi Baby Cobra, iliyotoka Netflix mwaka 2016, hakuhitaji kiti cha kujifichia. Gauni limembana, tumbo liko mbele, na anazungumzia hata mimba iliyoharibika. Ukumbini wanaume wanacheka kwa sauti.

Kwetu hofu ina sura yake. Tarehe 14 Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na doa jekundu kwenye suruali nyeupe, akaombwa atoke akabadilishe nguo ndipo arudi. Hakuna aliyekuwa anachekesha pale. Lakini kila msichana aliyewahi kuchafua sketi darasani anakijua kicheko kinachofuata, kile cha dawati la nyuma, na hicho hakifanani hata kidogo na cha Ali Wong. Doa ni lilelile. Tofauti ni nani ameshika maikrofoni.

Na wanawake wa pwani walikuwa wameshika yao kabla televisheni haijabuniwa. Mwari akivunja ungo, huingizwa unyagoni, na humo somo au kungwi humfunza mwili wake kwa ngoma, nyimbo na maigizo yasiyomung'unya maneno. Ni mafunzo, lakini ua mzima unavunjika mbavu. Mwanamume hakanyagi. Ilikuwa rahisi kwa wa nje kuamini kwamba kicheko kile ni cha wenyewe tu na hakina maana kwa mwingine yeyote, imani ileile ya wauza sigara.

Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa gwiji wa mambo hayo ya ndani. Naye ndiye aliyeutoa msondo uani akaupandisha jukwaani, kwao Zanzibar na huko Ulaya, bibi kizee amesimama na ngoma katikati ya miguu, anaipiga na kuimba, huku wanaume waliokata tikiti kama watu wengine wakimpigia makofi.